KARANI NA JAWABU LA WALIOOMBA CHUO



Kila mwaka, majina ya waliopokewa vyuoni yakiisha kutangazwa, madirisha ya ofisi zetu za udahili hujaa watu. Baba huja na bahasha ya vyeti, mama huja na binti yake, na wengine hupiga simu kutoka Kigoma na Mtwara. Neno lao ni moja: "Mbona jina la mtoto wetu halimo?" Nao wengi huambiwa, "Njooni kesho."

Jawabu hili la kesho twalikataa. Tangu mwaka 2017 waombaji wa Tanzania hupeleka maombi yao chuoni moja kwa moja, na aliyepokewa na vyuo viwili au zaidi hana budi kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri aliyoletewa, kabla ya siku iliyowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Siku ikipita, nafasi yaweza kumponyoka. Basi kijana ambaye namba haikumfikia, akiambiwa arudi Jumatatu, amenyang'anywa kitu ambacho karani hawezi kumrudishia.

Tena yatupasa kutaja sababu. Aliyemaliza kidato cha sita tangu 2016 hutakiwa, kwa uchache, awe na alama 4 katika masomo mawili yanayohusu kozi yake, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Mwenye D na E ana 3. Aambiwe hivyo kwa upole, na aonyeshwe njia ya stashahada. Mwenye D mbili ametimiza sharti hilo, ila huenda nafasi zimejazwa na waliomzidi. Naye aweza kujaribu kozi nyingine, awamu ya pili ikifunguliwa. Wote wawili wakiambiwa "hukuchaguliwa" tu, hapo ndipo tapeli apatapo mlango: "Mzee, namjua mtu ndani." Na ng'ombe huuzwa.

Wako wasemao kazi ni nyingi na karani ni mmoja. Ni kweli, lakini kumjibu mtu mara moja kwa ukamilifu ni kazi ndogo kuliko kumwona mara nne.

Mzazi naye apewe shikamoo na kiti, ila habari za matokeo ni za mwombaji mwenyewe. Asipokuwapo, mzazi aelezwe masharti ya wote.

Twamwomba Katibu alete shauri hili mkutanoni: kila ofisi ibandike mlangoni, kwa Kiswahili, siku ya mwisho ya kuthibitisha na jina la karani wa kuulizwa.