Mteja wa Kwanza wa Karanga Zako Anakunywa Uji

Karanga zimeanza kung'olewa na simu nyingi ninazopokea wiki hizi zinauliza bei. Bei ni muhimu na tutaiongelea. Ila leo naomba niongelee kitu ambacho wengine wataona sio cha afisa ugani: uji wa mtoto wako.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Mkulima anayechambua karanga, akapeleka zile safi sokoni, halafu zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu akaziacha nyumbani zisagwe kwenye unga wa mtoto, huyo hajapata faida. Hasara ameitoa kwenye gunia akaihamishia kwenye ini la mtoto wake.

Najua nasema maneno makali. Lakini pita Ihumwa kipindi hiki, uwanja kwa uwanja, uone utaratibu ulivyo. Turubai limetandikwa, akina mama na vijana wamekaa wanachambua. Nzuri zinaingia kwenye gunia la dalali anayepeleka Soko la Majengo au kule Job Ndugai. Mbaya zinatupwa kwenye beseni pembeni. Na kando ya beseni amekaa nani? Dogo wa miaka miwili, anaokota moja moja na kutafuna. Jioni beseni linaingia jikoni. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni mazoea tu, kwamba kizuri kinauzwa na kilichobaki ndio chakula chetu.

Kwa mchicha ulionyauka kidogo au nyanya iliyopondeka, mazoea hayo hayana shida. Kwa karanga na mahindi yana shida kubwa, na inaitwa sumukuvu.

Sumu isiyoonekana

Sumukuvu inatengenezwa na kuvu anayeishi kwenye udongo. Anapenda joto, na anapata nafasi mmea unapopigwa na ukame wakati mbegu zinajaa. Sasa hebu fikiria hali yetu ya Dodoma: msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na katikati mvua inakata wakati karanga zinaihitaji. Ndio maana kanda hii ya kati tunatakiwa kuwa makini kuliko mtu wa Mbeya.

Huyu kuvu mara nyingi anakimbilia punje dhaifu: iliyosinyaa, iliyotobolewa na mchwa, iliyokatwa na jembe, iliyobadilika rangi. Kwa maneno mengine, zile zile ulizozitupa kwenye beseni. Kuchambua kunapunguza sumu kwenye gunia kwa sababu unaiondoa na kuikusanya sehemu moja. Halafu sehemu hiyo moja ndio tunampa mtoto!

Wengi wananijibu, "Afisa, si tunakaanga? Si uji unachemka?" Sumukuvu haiishi kwa moto wa jikoni. Ukikaanga au kuchemsha unamuua kuvu mwenyewe, lakini sehemu kubwa ya sumu aliyoiacha inabaki. Haina ladha wala harufu, na mtoto hawezi kukwambia uji wa leo una kitu.

Haya sio mambo ya nchi za mbali. Katikati ya mwaka 2016, hapa hapa mkoani Dodoma na kwa jirani zetu Manyara, watu 68 waliugua kutokana na sumukuvu na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi. Kenya mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, wagonjwa walikuwa 317 na waliofariki 125. Hiyo ni sumu ikiwa nyingi kwa mara moja. Ikiwa kidogo kidogo kila siku haiui leo, ila miaka inavyokwenda inaongeza hatari ya saratani ya ini, na watafiti wameihusisha pia na watoto kutokukua vizuri. Kwa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa. Sababu za udumavu ni nyingi na sisemi zote ni karanga. Nasema hii moja iko mikononi mwetu sisi wakulima.

Unga wa lishe wenye kila kitu

Hapa ndipo nitakapogombana na baadhi yenu, hasa mnaosaga unga wa lishe kwa biashara. Siku hizi unga ukiwa na mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya na karanga, unaonekana ndio bora. Mimi naona tofauti.

Kwanza, mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama na uwele wote ni ukoo mmoja wa nafaka. Ukichanganya sita hujaweka makundi sita ya chakula. Umeweka kundi moja mara sita, na umelipa bei mara sita.

Pili, kila unachoongeza ni mlango mwingine wa sumu kuingilia. Kilo moja mbaya ikishasagwa na tisa nzuri, zote kumi zimeingia doa na hakuna tena kuchambua. Na karanga ikishakuwa unga, mafuta yake yanaanza kuchacha. Unga huo unakaa kwenye ndoo miezi miwili, mtoto anapewa kila siku, asubuhi na jioni. Mtu mzima leo anakula wali, kesho ugali, keshokutwa ndizi. Mtoto wa miezi minane chakula chake ni kile kile kila siku, na mwili wake ni mdogo. Kosa la ndoo moja linamkuta yeye zaidi ya mtu yeyote hapo nyumbani.

Ushauri wangu kwa jiko la nyumbani ni mwepesi na hauna gharama. Saga nafaka moja peke yake. Mtama na uwele tunalima wenyewe, na kwa kawaida havishambuliwi na sumukuvu kama mahindi na karanga, ingawa navyo vinataka kukaushwa na kutunzwa. Karanga zibaki ndani ya maganda yake. Kila baada ya siku mbili tatu menya kiganja kimoja au viwili, tazama punje moja moja, tupa yenye shaka, kaanga, twanga laini kabisa, kisha tia kwenye uji unapokaribia kuiva. Usimpe mtoto mdogo karanga nzima, inaweza kumpalia. Siku nyingine weka maziwa badala ya karanga. Siku nyingine mpe ugali laini na mlenda wenye dagaa wa kusaga, au kunde zilizopondwa, au yai. Unga wa ubuyu utie ukishaepua. Vyote hivi vinapatikana Ihumwa bila kwenda dukani kutafuta kopo.

Na uji uwe mzito. Msimu wa mavuno mama anatoka alfajiri, anaacha uji kwenye chupa ya chai, mwepesi kama maji ili umiminike vizuri. Mtoto anashiba maji. Uji mzuri unakaa kwenye kijiko, haukimbii. Akitimiza miezi 6, maziwa ya mama yakiendelea, anahitaji kula mara 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 hadi 4. Kina baba, kazi ya kumenya hicho kiganja cha karanga jioni haihitaji mama peke yake. Wewe ndiye unayejua kutofautisha punje nzuri na mbaya, maana ndio biashara yako. Dalali humkubalii akuonee kwenye daraja, kwa nini jikoni usiangalie?

Tupige hesabu, maana sisi ni wafanyabiashara

Najua hoja inayokuja: "Afisa, karanga nzuri ndio ada ya shule, ndio mbolea ya mwakani. Nikimpa mtoto daraja la kwanza nitauza nini?"

Haya. Mtoto akila gramu 25 za karanga kila siku ya mwaka, bila kupumzika hata siku moja, ni kilo 9 na kidogo. Zikiwa na maganda ni kama kilo 13, hata nusu gunia haijai. Watoto wawili ni kilo 18 zilizomenywa. Kama umevuna kilo 300 zilizomenywa, umetoa kilo 6 katika kila 100. Kuna madalali wanakula zaidi ya hapo kwenye mizani na umekaa kimya. Sasa weka upande wa pili nauli ya hospitali, siku za shamba zilizopotea, na mtoto anayefika darasa la kwanza akiwa nyuma ya wenzake.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu. Kabla dalali hajaingia uwanjani, toa fungu la mtoto. Chagua maganda mazima, makavu, yasiyo na matundu, weka kwenye mfuko wake na uandike jina lake. Mfuko huo hauuzwi hata bei ikipanda.

Na zile mbaya? Usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu inapita na kutokea kwenye maziwa, utakutana nayo tena kwenye kikombe. Usiwape kuku. Usimuuzie mtu wa karanga za kusaga, maana naye ana wateja wenye watoto. Chimba shimo, fukia. Na wakati wa kuchambua, beseni lake liwe na mfuniko, mbali na dogo.

Dawa kubwa zaidi ni kupunguza hizo mbaya kuanzia shambani. Ng'oa kwa wakati, usisubiri ardhi ikauke mpaka maganda yabaki chini. Anika juu ya turubai au chanja, kamwe sio kwenye udongo. Kausha mpaka ukitikisa ganda usikie punje zinacheza ndani. Usinyunyizie maji maganda ili yamenyeke kirahisi. Tabia hiyo inaongeza uzito kidogo na sumu nyingi. Mifuko ya kinga njaa ni mizuri, lakini ukiweka karanga mbichi humo unatunza unyevu na kuvu pamoja. Kwa wenye eneo kubwa ipo pia Aflasafe, kuvu rafiki anayemnyima nafasi yule mwenye sumu. Inamwagwa shambani mazao yakiwa bado yamesimama, kilo 4 kwa ekari.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa sumukuvu zote kwa ujumla ni maikrogramu 10 katika kilo moja. Mnunuzi wa nje akipima na kukuta zimezidi, anarudisha mzigo. Jikoni hakuna mtu wa kupima wala kurudisha mzigo. Mtoto anafungua mdomo tu, anameza anachopewa.

Wiki hii, kabla hujanipigia kuuliza bei, nitumie picha ya mfuko wenye jina la mtoto. Bei nitakupa hapo hapo.