NYUMBA YA GAVANA KULE BOMA: IBOMOLEWE AO ILINDWE?



Kisha somo la historia juu ya Boma, bandari ya mto Kongo ambapo meli za bahari zinafika, wenzetu wamoja walisema: «Ile nyumba ya Gavana Mkuu ibomolewe! Ni nyumba ya mateso.» Sisi hatukubali, na tunaeleza juu ya nini.

Kweli, mateso yalikuwa. Boma ulikuwa mji mkuu tangu 1886 mpaka miaka ya 1920, Léopoldville ilipochukua nafasi yake. Mfalme Léopold II hakukanyaga Kongo hata siku moja. Amri zake zilipitia Boma, na babu zetu huku mashariki wakazilipa kwa mpira, pembe na fimbo.

Lakini nyumba ikianguka, nani atashuhudia? Wapagazi wa Zanzibar, wenye kusema Kiswahili kama sisi, walifika Boma na Stanley mwezi wa 8, 1877, wamekonda kwa njaa. Wangapi kati yetu wanajua hayo? Tena kulikuwa Boma Mwafrika mmoja wa Lagos, H. A. Shanu. Alikuwa mtumishi wa Leta, kisha akawa mfanyabiashara, akatoa kwa siri habari za uovu wa mpira. Leta ilipojua, ikakataza watumishi wake kununua kwake. Biashara ikafa, naye akafa 1905. Jina lake liandikwe pale ukutani, karibu na majina ya wakubwa!

Wengine wanauliza: feza zitoke wapi, na wagonjwa hawana dawa? Ulizo hili ni la haki. Mgonjwa anapita ukuta. Lakini nyumba nzee inaweza kutumika: iwe masomo, iwe nyumba ya vitabu. Kuitumia ndiyo kuilinda.

Na sisi wenyewe je? Ile nyumba ya zamani ya Leta nyuma ya masomo yetu, nani alitoa mbao zake kwa kupikia maharagwe? Nani aliondoa manjanja? Ni sisi, tukiri. Hatuwezi kulilia Boma tusiyoiona na kuchoma ile tunayoiona kila siku.

Basi tunaomba: salongo ya posho moja tukate majani pale, na wazee waalikwe watuelezee waliyoyaona ao waliyoyasikia kwa baba zao. Sisi tutaleta daftari. Nani atakuja na panga?