Kiazi Baridi Nacho ni Urithi

Siku hizi kumezuka mahakimu wa nyimbo. Utawakuta katika kamati za mazishi, katika sherehe za kuwaaga wastaafu, hata nyuma ya mitambo ya redio. Hawaukatai muziki wa kantri. Wanaupenda sana, lakini kwa sharti kwamba uwe wa machozi. Jim Reeves apigwe, maana sauti yake ni laini na mtu aweza kumlilia mama yake nayo. Dolly Parton naye apigwe, mradi uwe ule wa kusikitisha. Ukitokea wimbo wa kuchekesha, mkono unakimbilia kitufe. "Huo ni upuuzi," wanasema. "Hauna ujumbe."

Nimewafundisha walimu kwa miaka mingi, na neno hilo "ujumbe" limenichosha masikio. Kila mchezo wa kuigiza chuoni ulitakiwa uwe na ujumbe, na aghalabu ujumbe wenyewe ulikuwa kwamba tusinywe pombe. Basi nami nasema hivi: katika nyimbo zote za kantri zilizotufikia, zile za kuchekesha ndizo zilizobeba nyumba za watu. Wimbo wa machozi humbeba mwimbaji na mpenzi wake aliyemwacha, na mtu wa tatu hana pa kukaa. Katika ule wa kuchekesha mna baba, mama, wageni, kuku, madeni na watoto wasiohesabika.

Mathalan, mchukue Little Jimmy Dickens. Alizaliwa mwaka 1920 huko Bolt, West Virginia, kifungua mimba katika nyumba ya watoto 13, na urefu wake haukufika futi 5. Wimbo uliomtambulisha mwaka 1949 unamhusu mtoto ambaye kila wageni wanapokuja huambiwa na mama yake achukue kiazi kilichopoa asubiri, wakubwa wale kwanza. Ni hayo tu. Hakuna anayekufa wala anayeachwa kwenye kituo cha treni.

Sasa niambie, msomaji uliyelelewa kijijini, kama unahitaji kufafanuliwa zaidi. Kwetu mwinjilisti alipopiga hodi, kuku aliyekuwa na jina asubuhi alikuwa mchuzi saa saba. Sisi watoto tuliketi nje karibu na jiko, tukila harufu. Tulijua kwa mlio wa sahani ni kipande gani kimechukuliwa. Firigisi tulizijua kwa sifa tu. Baba alikuwa karani katika shamba la majani chai, Kiingereza alikielewa, na alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono aliyoinunua kwa mkopo uliomtesa karibu miaka miwili. Jioni moja alimfasiria mama wimbo ule, sentensi kwa sentensi, kwa lugha ya nyumbani. Mama alicheka hata akaketi chini. Halafu akanyamaza kidogo, akatuita, akatugawia mapaja mawili ya kuku aliyokuwa amewafichia wageni wa kesho yake.

Tangu hapo "chukua kiazi" ikawa lugha ya ukoo wetu. Anayengoja mshahara amechukua kiazi. Msichana ambaye mchumba wake hajajitokeza na ng'ombe, naye vivyo hivyo. Wajukuu wangu wa Nairobi, ambao hawajapata kungojea chakula maishani mwao, hulitumia neno hilo wakiwa katika foleni ya magari, nao hawajui kwamba limetoka kwenye santuri. Mimi naona huo ni urithi kamili, sawa na shamba, tena haujatupeleka mahakamani.

Tulipomzika baba mwaka 1997, dada yangu aliomba wimbo huo upigwe kabla ya jeneza kutoka nyumbani. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema kwamba mzaha si wa mahali pale. Watu wakanyamaza, maana yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti. Badala yake tukaimba tenzi, na mojawapo ilikuwa ile ya ushindi ndani ya Yesu, ambayo waumini wengi wanaipenda nami naipenda. Sasa sikiliza. Tenzi ile ilitungwa mwaka 1939 na Mmarekani E. M. Bartlett, akiwa ameshapigwa na kiharusi kilichomlemaza nusu ya mwili. Na wimbo wa kiazi, ule uliokataliwa, ulitungwa na nani? Na Bartlett huyo huyo. Mkono ulioandika juu ya ushindi wa Msalaba ndio ulioandika juu ya mtoto anayenyimwa kuku. Mtunzi hakuona aibu kuviweka viwili hivyo katika mfuko mmoja. Aibu tumeileta sisi.

Wako wengine wasemao kwamba kicheko ni cha wasiosoma. Hao nawaelekeza kwa Minnie Pearl. Jina lake halisi lilikuwa Sarah Ophelia Colley, msichana wa familia yenye uwezo, aliyesomea uigizaji chuoni na kuzunguka mijini akiwafundisha watu michezo ya jukwaani. Mwaka 1936, katika milima ya Alabama, alilazwa nyumbani kwa mama mmoja mzee ambaye hadithi zake zilimkaa moyoni. Kutokana na mama yule alimuumba mwanamke wa shamba mwenye kofia ambayo bado ina kikaratasi cha bei, dola 1 na senti 98. Kuanzia mwaka 1940 alisimama nayo kwenye jukwaa la Grand Ole Opry huko Nashville kwa miaka hamsini. Ni mwalimu, basi, aliyekwenda kufundisha akarudi amefundishwa. Natamani wanafunzi wangu wote wangepata mazoezi ya ualimu ya namna hiyo.

Nije kwenye hoja nzito zaidi, ile ya wasomi wetu wasemao kwamba tunacheka vichekesho vya watu waliotudharau. Ni kweli kwamba jukwaa hilo lilikuwa na uchafu wake. Katika miaka ya 1940 palipanda hapo Wazungu waliojipaka masizi usoni wakiwaigiza watu weusi ili wachekwe. DeFord Bailey, mtu mweusi, fundi wa kinanda cha mdomo na mmoja wa nyota wa mwanzo wa Opry, aliachishwa kazi mwaka 1941. Hata banjo, ambayo wengi wanaidhania kuwa ya Mzungu wa milimani, asili yake ni vyombo vilivyovushwa bahari na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Kicheko cha masizi sikitetei hata kidogo. Lakini kina tofauti kubwa na hiki ninachokitetea. Dickens anacheka akiwa mezani kwa mama yake mwenyewe. Mwenye masizi anachungulia dirishani kwa jirani. Asiyeweza kutenganisha mambo hayo mawili, usomi wake ni wa nini?

Tena nani kasema kwamba sisi tulikaa tu tukapokea? Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika katika nchi ya Wakipsigis na vyombo vyake vya kunasa sauti, akanasa nyimbo tatu kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha. Kumbe ni Jimmie Rodgers, yule mfanyakazi wa reli wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini kwetu. Jina lilikuwa limeingia katika ulimi wetu likatoka na umbo jipya. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walimfanya kuwa nusu mtu nusu paa, wakamhimiza acheze kwa kuruka hata nguo zimvuke. Watu wanasimulia habari hiyo kana kwamba ni ujinga wa washamba walioogopa gramafoni. La hasha! Msichana anayemwambia mgeni aruke mpaka nguo zimtoke hana hofu naye. Anamtania, kama ajuavyo kumtania babu yake. Tuliucheka muziki ule tangu siku ya kwanza, na kwa kuucheka tukaufanya wetu.

Utani wenyewe ndio ulionifanya niuelewe wimbo mwingine, wa mwaka 1947, ulioimbwa na Lonzo na Oscar. Mtu ameoa mjane mwenye binti mkubwa, kisha baba yake naye akamwoa binti yule, na kwa hesabu ya ukoo mwanamume anagundua kwamba yeye ni babu yake mwenyewe. Wanafunzi wangu walichora mti wa ukoo huo ubaoni, wakabishana mpaka kengele ya chakula. Nyanya yangu aliposimuliwa hakuona ajabu yoyote. Aliuliza tu mahari ililipwa na nani.

Lakini sitaki nidhaniwe kwamba natetea vichekesho vyepesi tu. Kaka yangu alipewa jina lenye mwanzo wa Chep, ambao kwa kawaida ni wa wasichana, ingawa kwetu wanaume wenye majina ya namna hiyo ni wengi na hakuna anayeshangaa. Alipokwenda shule ya bweni mbali na nyumbani, walikuwapo walioshangaa. Walimwita "dada" kwa miaka minne. Akarudi na jina la ubatizo peke yake, na tangu siku hiyo hakusema na baba ila kwa kupitia kwa mama: "Mwambie baba ng'ombe wametoka." Baba naye: "Mwambie nimewaona."

Krismasi ya mwaka 1970 redio ilipiga ule wimbo wa Johnny Cash alioimba mbele ya wafungwa wa San Quentin, California, mwaka 1969, uliotungwa na Shel Silverstein: kijana aliyepewa jina la kike na baba aliyetoroka, anamtafuta ili amuue, wanapigana, mwishowe wanapatana. Baba alianza kucheka, kisha akakumbuka ni nani aliyeketi upande wa pili wa meza. Nyumba nzima ikanyamaza. Kaka yangu akasema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, "Huyu angalau aliachiwa gita."

Baba akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akatuambia jambo ambalo sisi wadogo hatukulijua: kwamba wavulana wawili walimtangulia kaka yetu na wote walifariki, na nyanya ndiye aliyelitaka jina lile, ili kifo kikipita kimtafute mvulana kisimwone. Wakakaa wawili hao barazani hadi usiku wa manane.

Naomba mahakimu wanionyeshe wimbo wa machozi ambao ungeifanya kazi ile. Jim Reeves angepigwa usiku ule, tungelia kila mtu kivyake tukaenda kulala.

Kwa hiyo nimeandika maagizo yangu na kumkabidhi binti yangu mkubwa. Tenzi ya Bartlett iimbwe kanisani. Kiazi cha Bartlett kipigwe nyumbani, kwa sauti ya juu, wakati wageni wanapakuliwa. Akitokea wa kusimama na kupinga, basi kamati yake yote ikae nje karibu na jiko, ingoje mpaka watoto wamalize kula.