Ukimaliza, Toka Kabisa

Ndugu zangu wa Mbeya na Iringa, hasa vijana mnaotegemea kompyuta za steshenari na za maabara za vyuo, nina ombi moja: ukimaliza kazi yako, usifunge dirisha tu ukaondoka.

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, steshenari za Mwanjelwa na Kihesa hujaa vijana wenye vyeti mkononi. Kompyuta moja hupokea watu kutwa nzima kwa jina lilelile la mtumiaji. Huyu anafunga dirisha, yule anakaa. Lakini tazama chini kulia, pembeni mwa saa: Telegram bado ipo, na Chrome nayo huweza kuendelea nyuma ya pazia. Ujumbe wa mtu aliyekwishapanda daladala unachomoza mbele ya asiyemjua. Mashine nayo inazidi kuwa nzito, na anayelipia muda ndiye anayeumia.

Kwa hiyo kabla hujainuka, toka kwenye barua pepe na kwenye akaunti ya mkopo. Fungua WhatsApp kwenye simu yako, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uiondoe kompyuta ile. Kisha zifunge programu zilizojificha karibu na saa, moja moja. Na kama Windows umeingia kwa jina lako mwenyewe, chagua kutoka, usichague kubadili mtumiaji. Ukibadili tu, programu zako zote zinabaki zikifanya kazi.

Wenye steshenari, mzigo huu msiwaachie wateja peke yao. Katika mipangilio ya Chrome, sehemu ya mfumo, kuna kitufe kinachoruhusu programu kuendelea baada ya kivinjari kufungwa. Kizimeni. Wateja wafungulieni dirisha la mgeni, ambalo halibakizi historia wala akaunti likishafungwa.

Nanyi wasimamizi wa maabara za Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), Mkwawa na vyuo vingine: penye mashine za Linux zinazotumia systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, washeni mpangilio wa KillUserProcesses, unaozima kila kilichoachwa na mtumiaji anapotoka. Mwaka 2016 watengenezaji wa systemd waliuwasha kwa wote. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ikauzima, kwa kuwa wapo wanaoacha kazi ndefu ziendelee. Hoja hiyo ni ya kweli, ila kwa maabara ya watu wengi naona kuuwasha ni bora. Mwanafunzi mwenye hesabu ya utafiti ya usiku kucha apewe ruhusa yake maalumu.

Jioni hii, kabla ya kufunga duka au maabara, anzeni na kompyuta inayotumiwa na watu wengi zaidi.