Hakuaminiwa, Naye Akawadhania Wenziwe



Wasomaji wapenzi, filamu ya wiki hii ni Flightplan, iliyotoka Marekani mwaka 2005 chini ya uongozi wa Robert Schwentke, Mjerumani. Si mpya, lakini ingali ikitazamwa majumbani, na ina jambo linalotuhusu sisi akina mama, na linalotuhusu zaidi sisi tunaosafiri tukiwa na majina ya Kiislamu. Nitalazimika kuufichua mwisho wake; anayependa kushtukizwa na aitazame kwanza.

Kyle Pratt, aliyeigizwa na Jodie Foster, ni mhandisi wa injini za ndege anayeishi Berlin. Mumewe amefariki kwa kuanguka kutoka juu ya jengo. Mama huyu anapanda ndege kubwa kuelekea New York pamoja na Julia, bintiye wa miaka sita, huku jeneza la marehemu likiwa katika chumba cha mizigo. Kwetu sisi, mwanamke aliyefiwa namna hii angekuwa eda, amezungukwa na dada, shangazi na majirani. Yeye hana wa kumshika mkono. Anapitiwa na usingizi, na anapozinduka mtoto hayupo.

Anamtafuta kila mahali. Wahudumu wanasema hawakumwona mtoto. Orodha ya abiria haina jina lake, na pasi yake ya kupandia ndege haionekani. Kisha rubani anapokea habari kutoka Berlin kwamba Julia alikufa siku moja na babake. Hapo ndipo filamu inapobana kifua. Mtazamaji anaanza kujiuliza kama mama huyu amepotewa na mtoto au na akili.

Tazama jinsi huzuni yake inavyogeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Akilia, wanasema amechanganyikiwa. Akinyanyua sauti, wanasema ni hatari. Hata ujuzi wake wa uhandisi unatiwa shaka. Wangapi miongoni mwetu wamewahi kueleza maumivu au hofu kuhusu mwana, wakajibiwa watulie kwa sababu wamechoka? Kyle mwenyewe anakaribia kusadiki kwamba mwanawe hayuko duniani, mpaka anapoona umbo la moyo ambalo Julia alilichora kwa kidole juu ya kioo cha dirisha. Alama hiyo ndogo inamrudishia yakini yake.

Lakini mama huyu asiyeaminiwa naye anafanya dhuluma. Katika kumtafuta bintiye, anawageukia abiria wawili Waarabu, na kudai kwamba usiku uliotangulia aliwaona wakichungulia nyumbani kwake. Hana ushahidi zaidi ya sura zao. Zogo linazuka, na wanaume wale wanalazimika kujitetea mbele ya ndege nzima kwa kosa wasilolijua. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu mashambulizi ya Septemba 2001, na filamu inajua vyema kwamba watazamaji wengi nao watawashuku.

Mwisho unatuonyesha mkosaji ni nani. Ni Carson, askari aliyewekwa ndani ya ndege bila sare ili awalinde abiria, akishirikiana na mhudumu mmoja wa kike. Ndiye aliyemwiba mtoto na kuficha baruti ndani ya jeneza, akitaka dola milioni 50 na lawama zote zimwangukie Kyle. Walinzi waliaminiwa kwa sababu ya kazi yao, na Waarabu walishukiwa kwa sababu ya nasaba yao. Hila hiyo, kwa kweli, inategemea bahati nyingi mno, kwani ni vigumu kusadiki kwamba katika umati ule hakuna hata mtu mmoja aliyemwona mtoto. Hata hivyo, somo lake halipungui uzito.

Baada ya mama kumwokoa bintiye, rubani anamwomba radhi. Na yule Mwarabu aliyetuhumiwa? Anaokota mkoba wa Kyle na kumpa. Hatumsikii Kyle akimwomba msamaha. Wako wanaoiona ishara ile kuwa suluhu. Mimi naona aliyedhulumiwa ndiye aliyebebeshwa kazi ya kuonyesha wema, na aliyedhulumu akaondoka bila neno.

Filamu ilipotoka, vyama vya wahudumu wa ndege Marekani viliwataka watu waisusie, kwa kuwa ilimchora mhudumu kama mhalifu. Walijua kwamba picha ya uongo huweza kumdhuru mtu katika riziki yake. Nasi tunalijua hilo. Novemba 2006, maimamu sita waliokuwa wakitoka mkutanoni Minneapolis waliteremshwa kutoka ndegeni, wakatiwa pingu na kuhojiwa. Baadhi yao walikuwa wameswali uwanjani, na abiria mmoja akawatilia shaka. Hawakushtakiwa kwa lolote. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2009 shauri likamalizwa kwa maafikiano.

Wazazi, filamu hii haiwafai wadogo: ina mapigano, jeneza linalofunguliwa, na hofu ya kupotea ambayo yaweza kumkosesha mtoto usingizi. Huko Marekani wazazi walitahadharishwa kuhusu walio chini ya miaka 13. Kwa vijana wakubwa, itazameni pamoja, kisha waulizeni: ulimshuku nani kwanza, na kwa nini? Kijana wetu akikiri kwamba naye aliwashuku Waarabu wale, msimkemee. Mwonyesheni jinsi picha inavyoweza kumfundisha mtu kuwaogopa hata watu wake.

Kisha tujiulize na sisi. Aya ya 12 ya Sura Al-Hujurat yatutaka tujiepushe na dhana nyingi, wala haikumtoa mama mwenye uchungu. Kitu kikipotea nyumbani, twamtazama nani kwanza? Yaya? Mgeni wa mtaani? Na kinapopatikana chini ya mto, je, twamwendea tuliyemtuhumu tukamwomba radhi mbele ya wale wale waliotusikia, au twamngoja atuokotee mkoba?

Tukutane Ijumaa ijayo, inshaallah.