Papa Potwe, Mwongoza Wageni na Amri ya Saba



Baadhi ya vijana wetu wametuuliza kama ni halali kwa Mkristo kutumia fedha zake kwa safari ya kwenda kutazama samaki. Wanaifikiria Mafia, na samaki wanayemtaka ni papa potwe (tunamaanisha yule wa baharini, msije mkadhani tunaandaa hija ya Roma). Jibu letu ni kwamba ni halali, tena ni jambo la kusifiwa, kwani wengi wetu tumezaliwa na tutazikwa bila kuona robo ya maajabu ambayo wageni wa Ulaya huvuka bahari kuyaona. Ila tuna sharti moja, nalo si dogo. Yeyote anayekwenda asijaribu kumnunua mwongoza wageni.

Tueleze tunachokisema. Kisiwa cha Mafia kiko mbele ya delta ya Mto Rufiji. Hufikiwa kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, au kwa njia ya bahari kutoka Nyamisati, na waliopita njia hii ya pili wakati wa kusi watawasimulia wenyewe. Mwaka 1995 bahari ya upande wa kusini na mashariki ya kisiwa hicho ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza katika Tanzania. Kuna matumbawe, kuna kasa, na katika kisiwa kidogo cha Chole kuna popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Lakini aliyeipa Mafia jina duniani ni potwe, ambaye huonekana kwa wingi karibu na uso wa maji kati ya Oktoba na Machi. Zamani ilidhaniwa kwamba miezi mingine huhama na kwenda mbali. Utafiti umeonyesha kuwa wengi hubaki karibu na kisiwa mwaka mzima, isipokuwa husogea kwenye maji ya kina zaidi ambako macho yetu hayawafikii.

Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Aweza kupita urefu wa mita 12, ingawa wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambao bado hawajakomaa. Pamoja na ukubwa huo hana ugomvi na mtu. Hufungua kinywa chake kipana na kuchuja vijidudu na visamaki vidogo mno. Mgongo wake umejaa madoa meupe, na hakuna potwe wawili wenye madoa yanayolingana, hata watafiti humtambua kila mmoja kwa madoa yake kama sisi tunavyotambuliwa kwa alama za vidole. Wenzetu wa pwani ya Kenya humwita papa shilingi, na husimulia kwamba madoa hayo ni sarafu alizorushiwa na Mungu. Jina hilo lingekuwa la kuchekesha tu, kama shilingi zisingekuwa kweli ndiyo hatari yake ya leo. Tangu mwaka 2016 yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Sasa tuje kwenye boti. Kanuni za kuogelea na potwe zinajulikana na zinafanana katika sehemu nyingi za dunia: asiguswe, waogeleaji wawe wachache kwa mara moja, wakae mita tatu au nne kutoka mwilini mwake, boti isimkatie njia, na nahodha apunguze mwendo mapema. Hazikutungwa kwa kuwaonea wageni. Potwe hula karibu na uso wa maji, na pangaboi la injini humchana mgongo. Akisumbuliwa huzama, na akizama huacha chakula alichokuwa amekifuata. Tena maji anayopenda kukusanyika, mbele ya Kilindoni upande wa magharibi, kwa sehemu kubwa yako nje ya mipaka ya Hifadhi. Kwa hiyo mara nyingi pale baharini hakuna askari wala mkaguzi. Kuna nahodha, kuna mwongoza wageni, na kuna mgeni aliyelipa.

Mgeni huyo ametoka mbali. Pengine amekusanya fedha miaka miwili. Anataka picha, na si picha ya potwe tu, bali picha ya mkono wake juu ya mgongo wa potwe. Basi humwinamia kijana anayemwongoza na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba akisogezwa karibu zaidi, hatamsahau wakirudi ufukoni. Huko Chole maneno ni mengine lakini jambo ni lile lile: mgeni huomba makofi yapigwe chini ya mti ili popo waruke angani mchana, kamera ipate kitu. Viumbe wale hupumzika mchana kwa sababu usiku ndio wakati wao wa kutafuta chakula. Ukiwarusha kwa ajili ya picha, umewatoza nguvu ambazo hutawarudishia.

Hapa ndipo tunapofika kwenye Amri ya Saba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha chini ya amri hii, Usiibe, kwamba kuvifisidi viumbe ni kosa (taz. namba 2415). Wengi hushangaa kusikia hivyo, maana tumezoea kuihusisha amri hii na kuku wa jirani na fedha za chama. Lakini ukirudi nyuma namba chache tu, kwenye 2409, chini ya amri hiyo hiyo, utakuta inalaaniwa rushwa ya kupotosha uamuzi wa mtu mwenye wajibu wa kuamua kwa mujibu wa sheria. Yaani mgeni anayemlipa mwongozaji ili amguse potwe anaivunja amri moja mara mbili katika dakika moja. Anajitwalia kiumbe ambacho si chake, na ananunua dhamiri ambayo haikuwekwa sokoni.

Kwa maoni yetu, kosa la pili ndilo zito zaidi, nalo ndilo lisilosemwa. Vipeperushi vya safari huzungumzia sana wanyama na kidogo sana yule kijana. Kijana huyo msimu ukiisha hana kazi. Ana mama, ana wadogo zake wanaosoma, na noti anayoonyeshwa yaweza kuzidi ujira wake wa siku nzima. Akisema hapana, anaogopa mgeni atanuna na kulalamika kwa mwenye boti. Akisema ndiyo, amejifunza kwamba neno lake lina bei, na atakayekuja kesho ataikuta bei hiyo imeshapangwa. Hatudhani ni haki kumlaumu yeye kwanza. Mwenye njaa na mwenye shibe hawajaribiwi kwa kipimo kimoja, na Bwana wetu alikuwa mkali kwa wale wanaowakwaza wadogo kuliko kwa wadogo wenyewe.

Wengine watasema kwamba ubaya ni fedha yenyewe, na afadhali watalii wasije kabisa. Hatukubaliani nao. Katika Mafia hiyo hiyo, kuanzia mwaka 2001, ulianzishwa mpango wa kulinda viota vya kasa, ambao leo unaendeshwa na asasi iitwayo Sea Sense. Wanakijiji wanaotoa taarifa ya kiota hulipwa kitu kidogo, na hulipwa tena kwa kadiri mayai yanavyoanguliwa salama. Wageni huvushwa hadi kisiwa cha Juani kuwatazama watoto wa kasa wakishuka majini, na sehemu ya ada yao hubaki kijijini. Yai ambalo zamani liliishia sufurini sasa lina thamani zaidi likiachwa mchangani. Fedha ni ile ile, lakini safari hii imewekwa upande wa kulinda. Na hata huko mwongozaji ana hapana yake ya kusema: usimbebe mtoto wa kasa umpeleke majini, usisimame mbele yake, mwache atambae mwenyewe. Huruma ya mgeni nayo yahitaji kuongozwa.

Tutoke Mafia kidogo, twende visiwa vilivyo maarufu kuliko vyote kwa safari za namna hii, yaani Galápagos katika nchi ya Ecuador. Wakatoliki wachache wanajua kwamba mtu wa kwanza kuandika habari zake alikuwa askofu. Fray Tomás de Berlanga, Mdominiko na Askofu wa Panama, alikuwa akisafiri kwenda Peru mwaka 1535 upepo ulipokufa, na mkondo wa bahari ukaipeleka merikebu yake huko. Maji yaliwaishia hata wakatafuna mimea ya mpungate ili kupata umajimaji. Katika barua yake kwa mfalme alistaajabia ndege wasiokimbia watu. Wale waliofuata, maharamia na wavuvi wa nyangumi, waliuona upole huo kama ghala la nyama. Walibeba makobe wakubwa kwa maelfu na kuwarundika merikebuni wakiwa hai, kwa sababu kobe aweza kukaa miezi mingi bila kula. Mwaka 2012 alikufa kobe aliyejulikana kwa jina la Lonesome George, wa mwisho wa jamii yake ya kisiwa cha Pinta.

Leo huko Galápagos mgeni hawezi kuzuru sehemu nyingi za hifadhi bila mwongozaji mwenye leseni. Kundi lake lisizidi watu 16, na kila mmoja akae mita mbili kutoka kwa mnyama. Wanyama bado hawakimbii. Kilichobadilika ni kwamba kati ya upole wao na tamaa yetu amesimamishwa mtu, na sheria imesimama nyuma yake. Twaona ingefaa vijana wetu wa Mafia nao wasimamiwe hivyo, kwa leseni, kwa mafunzo na kwa ujira usiotegemea noti ya kificho, ili anayesema hapana asiwe peke yake baharini.

Kama mnataka Maandiko, someni Kitabu cha Ayubu sura ya 38 na ya 39. Ayubu anadai maelezo ya mateso yake, na Mungu, badala ya kumpa maelezo, anamtembeza. Anamwonyesha mbuzi wa miambani wanaozaa bila kuonwa na mtu, punda mwitu asiyejali kelele za mji, mbuni anayemcheka farasi, tai juu ya jabali. Hakuna hata mmoja katika hao aliye mali ya Ayubu, wala anayemfaa kwa kazi au kwa kitoweo. Anaonyeshwa, basi. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba viumbe vina thamani yake mbele ya Mungu hata visipotuletea faida. Tunafikiri Ayubu alilifahamu hilo kwa kutembezwa, wala hatujasoma mahali popote kwamba aliomba kumgusa mbuni.

Basi kwa watakaosafiri tunapendekeza hivi. Kabla ya boti kuondoka, mwambieni mwongozaji mbele ya nahodha na mbele ya wageni wote kwamba akisema tusimame, tutasimama, na kwamba hakuna atakayemlalamikia. Maneno hayo ni machache, lakini yatamwondolea mzigo mkubwa. Kumbukeni pia kwamba wavuvi wa Kilindoni huvua mahali pale pale anapokula potwe, kwa maana wote wawili wanafuata dagaa. Akiingia wavuni, mvuvi hana budi kumfungulia, na pengine huyapoteza mavuno ya usiku mzima. Hakuna mgeni anayemlipa kwa hilo. Mkila Kilindoni, nunueni samaki kwake, na msibishane naye sana juu ya bei.

Bahshishi nayo itolewe ufukoni, safari ikiisha, hadharani, kwa mwongozaji na mabaharia wake kwa pamoja. Na ikiwa siku hiyo potwe hakuonekana kabisa, bado wapewe, kwa kuwa waliamka alfajiri, wakapima upepo, wakatafuta.