Msichana wa rap asikilizwe kabla ya kuangaliwa nguo

Msichana wa Koni, kule Likasi, akisema anataka kuimba rap, mara nyingi swali la kwanza nyumbani ni la mavazi: utapanda jukwaani umevaa nini? Kaka yake anayeimba rap hiyo hiyo haulizwi.

Wanawake wa rap huko Marekani walijibu swali hilo kila mmoja kivyake. MC Lyte, aliyetoa albamu yake ya kwanza mwaka 1988, alivaa nguo za michezo kama wavulana wa Brooklyn. Mwaka 1989 Queen Latifah alijifunga kichwani kilemba na kofia ndefu za Kiafrika, kama malkia. Miaka kumi baadaye Lil' Kim alifika kwenye tuzo za MTV na vazi la zambarau lililoacha titi moja nje, limefunikwa na kibandiko tu. Aliyejifunika aliambiwa anajifanya mwanaume, aliyejifunua akaambiwa hana haya. Nguo ya kuwanyamazisha watu haikupatikana.

Katanga inalijua jambo hili kabla ya rap. Tshala Muana, mzaliwa wa Lubumbashi, alicheza mutuashi kiuno kikionekana, na alisemwa sana. Alipofariki Desemba 2022, nchi nzima ilikuwa ikimwita Mamu Nationale.

Wazazi wa Koni wanaogopa macho ya watu, na hofu hiyo si ya bure. Lakini waandaaji wa tamasha wanaowapa wasichana masharti ya nguo wawape pia wavulana wanaopanda kifua wazi, ao wayaache.